Kumzoesha Mtoto Mwenye Usonji Kupokezana Maneno

Anza na kile anachokipenda mwenyewe: akipanga vizibo vya soda sakafuni, keti mkabala naye, weka kimoja, sema "zamu yangu", kisha "zamu yako", na umsubiri kimya hata sekunde 10, kwa sababu watoto wengi wenye usonji huhitaji muda zaidi kuyaelewa maneno kabla ya kujibu. Akinyoosha kidole tu, lipokee hilo kuwa jibu kamili.

Akirudia maneno yako usimkemee, maana mara nyingi hiyo ndiyo njia yake ya kuwasiliana. Kwa mfano, akisema "Unataka maji?" huku akivuta kikombe, mpe maji na umtamkie "Nataka maji". Kumlazimisha akutazame machoni ni kumtesa bure. Akishazoea, mwalike ndugu yake mmoja kwenye mchezo huohuo.