Picha Zionekane Zilivyo kwenye Runinga Kubwa
Kwa wenzangu wa Dodoma mnaoandaa picha za sendofu au kipaimara za kuonyeshwa ukumbini, naomba muanze na mpangilio wa runinga yenyewe, kwa sababu runinga nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye mpangilio unaokoleza rangi kupita kiasi, hata udongo mwekundu wa Chamwino ukaonekana kama damu na nyuso za watu zikawa na rangi ya chungwa. Chagueni mpangilio wa sinema, kisha mpunguze ukali wa kingo (Sharpness), maana huo ndio unaochora mstari mweupe kuzunguka kilemba cha bibi. Skrini ya 4K ina pikseli, yaani vidoti vinavyounda picha, 3840 kwa 2160, kwa hiyo picha iliyopita WhatsApp, ambayo kwa kawaida hupunguzwa ukubwa, itakosa ung'avu. Mwombeni mpiga picha faili halisi na mziweke kwenye flashi. Picha ya kulala yenye uwiano wa 3:2 (upana kwa kimo) itaacha nafasi nyeusi kushoto na kulia, kwa kuwa skrini ni pana zaidi. Iacheni hivyo hivyo, kwani mkiivuta ijaze skrini, bwana na bibi harusi watanenepeana mbele ya wageni wao.