Kupanga Njia ya Maji ya Mvua Kabla ya Kujenga Nyumba Dar es Salaam

Anayekagua kiwanja Dar es Salaam mwezi wa Agosti huoneshwa vumbi na mipaka. Kiwanja hichohicho akikirudia mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, anaweza kukuta mkondo wa maji unakatiza pale alipokusudia kuweka sebule. Ndiyo maana kazi ya kutimiza masharti ya kibali cha ujenzi kuhusu maji ya mvua huanzia kiwanjani na si dirishani pa halmashauri. Nenda wakati mvua inanyesha au mara tu inapokatika, uone maji yanaingilia upande gani, yanatuama wapi na yanatokea wapi. Kisha waulize wakazi wa siku nyingi, pamoja na mjumbe, maji yalifika usawa gani katika mafuriko ya Desemba 2011. Dalali hatakueleza.

Swali la pili ni la umbali. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ufukwe wa bahari au ziwa, na bwawa. Waliobomolewa nyumba zao katika Bonde la Mto Msimbazi mwishoni mwa mwaka 2015 na mwanzoni mwa 2016 walijifunza kwamba kukaa mahali miaka mingi hakugeuzi bonde kuwa makazi halali. Kiwanja kikiwa karibu na kijito, hata kile kinachokauka kiangazi, mpeleke afisa mazingira wa manispaa akakipime kabla hujalipa chochote, na uangalie mchoro wa mipango miji wa eneo hilo ili kujua kama njia ya mtaro imetengwa kupita kando ya kiwanja chako au ndani yake. Katika maeneo yasiyopimwa mchoro huo huenda usiwepo. Hapo njia ya kutolea maji hukubaliwa na majirani kwa maandishi, mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa, kabla ya tofali la kwanza.

Ukishajiridhisha, mtake mchoraji wako aoneshe maji kwenye ramani ya kiwanja itakayoambatana na maombi ya kibali cha ujenzi. Ramani nyingi huonesha vyumba kwa ustadi mkubwa na kuacha uwanja mtupu, kana kwamba mvua itanyesha kwa jirani tu. Ramani inayofaa huonesha usawa wa ardhi katika kona zote nne za kiwanja na usawa wa barabara, mishale ya mteremko, mahali gata zinaposhukia, mahali pa tangi, shimo la kunyonya maji, shimo la choo, na mwisho kabisa sehemu ambapo maji yatatoka kuelekea mtaro wa umma. Mtaalamu wa halmashauri akikuuliza maji yako yanakwenda wapi, jibu liwe limekwisha kuchorwa.

Hesabu yenyewe haihitaji mhandisi. Milimita 1 ya mvua ikidondoka juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 50, jambo la kawaida wakati wa masika, litamwaga lita 6,000. Tangi la lita 5,000 halitoshi kuyapokea yote hata likiwa tupu, na kwa kawaida halitakuwa tupu, kwani jana nayo ilinyesha. Tangi ni jambo jema, hasa maji ya bomba yanapokuwa ya mgawo, lakini lisihesabiwe kuwa ndilo suluhisho: liwekee bomba la kupunguzia maji ya ziada, na bomba hilo lielekee kwenye shimo la kunyonya au mtaroni, siyo kwenye ukuta wa jirani.

Shimo la kunyonya maji hufaa kwenye udongo wa kichanga; kwenye mfinyanzi, au mahali maji ya ardhini yalipo karibu, hujaa likabaki dimbwi chini ya ardhi. Chimba shimo la majaribio, mwaga ndoo kadhaa, urudi baada ya saa chache. Ikiwa maji bado yapo, okoa fedha zako. Liweke mbali na msingi, na mbali zaidi na shimo la choo au kisima. Maji ya paa yasiunganishwe kamwe na chemba ya maji taka, kwa sababu mvua kubwa ikija mfumo huzidiwa na uchafu hurudi ndani ya nyumba, ya kwako au ya wengine.

Lililo zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kifusi. Mwenye kiwanja cha bondeni huagiza malori, akajaza mpaka akaipita barabara, akajenga akiwa na amani. Maji yaliyokuwa yakitandaa kwake sasa yanamgeukia jirani, naye mwakani huagiza malori yake. Baada ya miaka michache nyumba ya aliyejenga kwanza huwa ndani ya bakuli, madirisha yakiwa usawa wa barabara. Inua sakafu badala ya kuinua kiwanja: msingi uwe mrefu, na uwanja ubaki karibu na usawa wake wa asili, ukiteremka sentimita 2 kwa kila mita kutoka ukutani. Fundi atalipima hilo kwa bomba la plastiki lililojaa maji. Acha pia sehemu yenye majani na miti, maana uwanja uliosakafiwa wote hauachi hata tone kuzama.

Mbele ya kiwanja kuna mtaro wa barabara, nao si wako. Ili kuuvuka kwa gari unahitaji ruhusa ya wakala wa barabara wa serikali: TARURA kwa barabara za mitaa, au TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, na kalavati utakaloweka lisiwe jembamba kuliko mtaro wenyewe. Wakati wa ujenzi, mchanga na kokoto viwekwe ndani ya kiwanja na kuzuiwa kwa tofali. Lundo lililoachwa barabarani mwezi wa Machi huishia mtaroni, na faini za sheria ndogo za halmashauri hukufuata wewe, si dereva wa lori.

Mwite mkaguzi wa majengo kabla ya kufukia mabomba na shimo la kunyonya, upige picha vikiwa wazi. Mvua ya kwanza baada ya kuezeka ikikuta uwanja bado ni udongo mtupu, toka nje na mwavuli uzunguke nyumba: kosa la mteremko wakati huo hurekebishwa kwa koleo na reki, ilhali baada ya kupanga vitofali vya uwanjani utalazimika kung'oa.