Zizi moja, farasi wa watu mbalimbali: jinsi ya kuzuia maradhi yasienee

Nasimamia zizi la pamoja hapa Bagamoyo. Ugonjwa ninaouhofia kuliko yote ni ule wa majipu ya koo unaoletwa na bakteria Streptococcus equi: homa, makamasi ya usaha, kisha matezi chini ya taya huvimba hadi kupasuka. Hausubiri farasi wagusane pua. Hupita kwenye ndoo, lijamu na mikono yetu watunzaji.

1. Mtenge farasi mgeni. Siku 21 zisipungue, mahali ambapo hawezi kunusana na wenzake, na vyombo vyake peke yake. Mkiwa na mtunzaji mmoja tu, aanze na wazima, mgeni awe wa mwisho, na gambuti za huko zibaki huko. Mwenye farasi atakwambia, "Bosi, huyu mzima, ona anavyong'aa." Mwitikie kwa adabu, na mnyama abaki alipo. Wapo waliopona wanaobeba bakteria kwenye mifuko ya ndani ya koo kwa miezi bila dalili yoyote, kwa hiyo kabla ya kumchanganya mwombe daktari wa mifugo achukue sampuli.

2. Pima joto asubuhi na jioni. Hapa ndipo kazi ilipo. Homa hutangulia makamasi kwa siku moja au mbili, na kwa kawaida muda huo farasi bado hajaanza kuambukiza wenzake. Ukimkamata hapo, umeokoa zizi zima. Simama ubavuni, usikae nyuma yake. Paka kipimajoto mafuta ya mgando, inua mkia, kiingize kwenye njia ya haja kubwa na ukielekeze kiguse ukuta wa ndani wa njia hiyo. Kifunge uzi wenye kibanio cha nguo, ubane kwenye manyoya ya mkia, kisije kikapotelea ndani. Nyuzi 37.5 hadi 38.5 ni kawaida kwa farasi mkubwa aliyetulia. Usipime akitoka kukimbia au kusimama juani, joto letu la pwani litakudanganya. Andika kwenye daftari, hata namba zikiwa zilezile kila siku.

3. Ondoa hori la maji la pamoja. Kila farasi na ndoo yake yenye rangi yake. Ukijaza, ncha ya mpira isizame kwenye maji. Kosa hili hata watunzaji wazoefu hulifanya.

4. Homa ikitokea, funga geti: farasi haingii wala hatoki. Wagawe makundi matatu: wagonjwa, waliokaa nao karibu, na wasioguswa. Mwite daktari. Usikimbilie duka la dawa kununua antibiotiki ya oksitetra umchome farasi sindano mwenyewe. Jipu likishaanza kuiva, antibiotiki inaweza kulichelewesha tu kupasuka.

5. Kusafisha. Jiki ukimwaga juu ya samadi ni hasara. Zoa, sugua kwa sabuni, suuza, ndipo uweke dawa.

Ugonjwa wa farasi wa Afrika (African horse sickness), ambao ni wa virusi, ni habari nyingine: huenezwa na usubi, na kumtenga mgeni pekee hakutoshi. Waingize bandani kabla jua halijazama, weka wavu wenye matundu madogo sana, watoke jua likishachomoza. Masika, ondoa matope na samadi mbichi karibu na banda, maana usubi huzaliana humo. Punda mnaowafuga pamoja nao muwapime pia. Wanaweza kuubeba bila kuonyesha chochote.