Kabla hujaandika "Rekebisha kuzidisha"

Jioni moja, nimekaa kibarazani Nkuhungu, niliandika maneno mawili kwenye orodha yetu ya kazi: "Rekebisha kuzidisha." Wiki tatu baadaye kijana tunayeshirikiana naye kutengeneza programu ya makundi (yale ya hisabati, "groups", si ya watu) akanipigia: "Kaka, nimeshairekebisha." Kumbe hapakuwa na kilichoharibika.

Chukua (1,2) mara (2,3): (1,2) maana yake 1 na 2 zinabadilishana nafasi, (2,3) vivyo hivyo, na "mara" ni kufanya badiliko moja kisha jingine. Ukianzia kushoto, kama inavyofanya GAP, programu ya kompyuta ya kukokotoa makundi, 1 inakwenda 2, kisha 3, na jibu ni (1,3,2), yaani 1 inakwenda 3, 3 inakwenda 2, na 2 inarudi 1. Ukianzia kulia, kama wengi tulivyofundishwa darasani, unapata (1,2,3). Yeye ni wa kulia. Mimi niliandika nikiwaza kushoto, na hata sikumbuki nilitaka nini hasa.

Kwa hiyo kabla ya kazi ya kwanza, juu kabisa ya orodha, andikeni mmekubaliana kuzidisha kutoka upande gani. Kubalianeni na majina pia. Kundi la mizunguko na mipinduo ya mraba lina elementi 8. Ukiliomba kwenye GAP unataja 8, kwenye SageMath, programu nyingine ya hisabati, unataja 4, yaani pembe za mraba. Asiyejua atapoteza siku akitafuta kosa.

Kila kazi ipewe jibu linalojulikana tayari. "Tengeneza hesabu ya makundi" haimsaidii mtu. Andika "oda 8 (makundi yenye elementi 8) ilete makundi 5, oda 16 ilete 14", na yeyote atajua kazi imekwisha bila kukupigia simu. Ila usijipakie mzigo usiobebeka: oda 512 ina makundi 10,494,213, na oda 1024 yanapita bilioni 49. Maktaba ya makundi madogo ya GAP yenyewe inafika oda 2000 lakini 1024 imerukwa. Anayetaka "zote hadi 2000" mwambie aandike kwa penseli.

Mengine ni ya kawaida: jina la mhusika mmoja, si "sisi sote", na toleo la programu ulipoona kasoro. Orodha ikae pamoja na msimbo, isizame kwenye kundi la WhatsApp katikati ya michango ya harusi. Na ukiwa na bando, vuta nakala mapema. Umeme ukikatika, kompyuta yenye chaji na orodha ndani inatosha kwa saa mbili tatu.

Ile kazi yangu bado ipo, imekatwa mstari. Pembeni yake kijana ameandika: "(1,2) mara (2,3) ni (1,3,2). Kushoto, kaka!"