Insha ya Kiingereza ianze kwa mabishano ya Kiswahili

Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Moshi, na jioni nina vijana wa tuisheni. Wengi wao wametoka shule za msingi za serikali, walikosoma hesabu, sayansi na mengineyo kwa Kiswahili. Wakaingia Kidato cha Kwanza, masomo karibu yote yakageuka Kiingereza. Mwambie mtoto wa namna hiyo aandike insha, naye atatafuta kichwani insha aliyoikariri, abadilishe majina, akukabidhi. Sarufi yake utaisahihisha mpaka uchoke, lakini insha bado haina kitu ndani. Kinachopungua ni hoja, na hoja zina mahali pake pa kutafutwa. Mwalimu mwenzangu, au mzazi unayekaa na mtoto mezani usiku, jaribu hivi.

Hatua ya 1: Vunjeni swali

Chukua swali moja, liandike ubaoni. Nitatumia hili: "Young people in Kilimanjaro should go back to coffee farming. Discuss."

Mwanafunzi apigie mstari neno la amri, kisha mipaka ya swali. "Discuss" inataka pande zote mbili zisikike kabla hajaamua. "Explain" haimtaki achague upande. "Justify" imeshamchagulia, kazi yake ni kutetea. Mipaka hapa ni vijana, Kilimanjaro, na kurudi. Anayeandika kurasa mbili kuhusu faida za kahawa duniani amejibu swali la mtu mwingine. Kwenye maswali ya fasihi jambo hili linauma zaidi: swali likidai tamthiliya mbili, anayeleta tamthiliya moja na riwaya moja amejipunja alama kabla ya kuandika sentensi ya kwanza.

Hatua ya 2: Wabishane kwa Kiswahili

Najua shuleni kwenu kuna kibao cha kukataza Kiswahili. Kigeuzeni kwa muda huu. Mtu anayepima kila neno kabla ya kulitamka habishani, anakubali tu yaishe.

Gawa darasa pande mbili, wewe kaa pembeni na chaki. Kwa swali la kahawa utasikia mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha insha. Mmoja atasema mbuni unakula miaka mitatu au minne kabla ya mavuno ya maana, sasa kijana atakula nini? Mwingine atasema kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo la Wachaga, kimegawanywa kwa urithi hadi fungu la mjukuu halitoshi hata migomba. Upande wa pili utajibu kwamba kahawa ndiyo iliyosomesha wazee wao. Hapo anayependa historia akumbushe kuwa wakulima wa hapa walianza kujiunga mwaka 1925 kupitia KNPA, chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, na KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, kikafuata mwaka 1933, kwa hiyo kijana haanzi peke yake porini.

Kazi yako ni maswali mawili tu, tena bila huruma: "Kwa nini?" na "Nipe mfano." Atakayesema "kahawa ni muhimu kwa uchumi" asiachiwe akae mpaka aseme uchumi wa nani. Usiharakishe hatua hii. Nikiwa na saa moja, karibu nusu yake inaishia hapa, na sioni kama nimepoteza muda.

Hatua ya 3: Msimamo kwa sentensi moja

Sasa Kiingereza kinaingia. Kila mmoja aandike sentensi moja inayojibu swali. "Coffee has advantages and disadvantages" irudishe, maana hakuna binadamu anayeweza kuipinga. Sentensi kama hii ndiyo ipite: "Young people should go back to coffee only if they can earn from something else while the trees grow." Ina upande, ina sharti, na inaonyesha aya zinazokuja zitahusu nini.

Hatua ya 4: Jedwali

Ukurasa mmoja, safu tatu: hoja, sababu, mfano. Aandike maneno machache ya Kiingereza, asiandike sentensi nzima. Msamiati anaoukosa auulize sasa. Safu ya mfano ikibaki tupu, hoja hiyo ifutwe. Hoja ya upande pinzani itangulie, jibu lake lifuate.

Hatua ya 5: Aya za kati kwanza

Kwenye mazoezi, utangulizi usubiri. Mwanafunzi akianza nao ataganda, au atamwaga ile mistari ya kukariri. Nimepiga marufuku "The following are" darasani kwangu, na hakuna aliyeathirika. Aya iwe ya kawaida kabisa:

"First, coffee takes time. A new tree needs three or four years before it gives a good harvest. A young man who pays rent in Moshi cannot wait that long, so he rides a bodaboda."

Sentensi tatu, hoja, sababu, mfano. Hakuna neno la kujionyesha. Akishapata aya tatu za namna hii, utangulizi ni kulitaja suala na kuweka ile sentensi ya msimamo, na hitimisho ni kusema uamuzi wake.

Hatua ya 6: Sahihisha makosa ya aina mbili tu

Daftari lililojaa wino mwekundu halisomwi, linafungwa. Chagua aina mbili kwa kila insha. Mimi huanza na nyakati za vitenzi, maana mwanafunzi huanza na jana akamalizia na leo ndani ya aya ileile. Kisha "the farmer he sells", kosa linalotokana na mazoea ya "mkulima anauza". Kuchanganya "he" na "she" kunafuata, kwa kuwa "yeye" wetu hachagui jinsia. "A" na "the" ziache mwishoni kabisa; zitamsumbua miaka, na mara nyingi hazifichi maana.

Usimwandikie jibu. Pigia mstari, asome sentensi kwa sauti, arekebishe mwenyewe, kisha aandike upya aya hiyo moja tu.

Mtihani ukikaribia, mzoeshe kwa saa. Kwa insha ya dakika arobaini nampa kumi za swali na jedwali, ishirini na tano za kuandika, tano za kusoma tena. Mabishano siku hiyo atayafanya kimyakimya kichwani, na kwa Kiswahili, hakuna msimamizi atakayemsikia.