Seva ikikuonyesha saa za wengine, iambie TZ

Wanangu wa Mbeya mnaochezea seva za mbali, msibadili saa ya mashine nzima eti kwa sababu ya kusoma tarehe za mafaili. Mimi natunza hesabu za duka la mchele wa Kyela pale Mwanjelwa. Seva inakwenda na UTC, saa ya rejea ya dunia, iliyo saa 3 nyuma yetu, kwa hiyo faili la mauzo ya saa tatu asubuhi linaonekana la 06:00. Mwenye duka akauliza nani kafungua alfajiri na baridi hii!

Tanguliza kigeu cha mazingira TZ, kinachoiambia programu itumie saa za wapi, mbele ya amri, mfano ls -l ya kuorodhesha mafaili na tarehe zake:

TZ=Africa/Dar_es_Salaam ls -l

Hapo kinahusu amri hiyo moja tu. Ukitaka kidumu, andika export TZ=Africa/Dar_es_Salaam ndani ya ~/.bashrc, faili ambalo bash (programu inayopokea amri zako) husoma ikianza, kisha fungua terminali upya. Usiache nafasi kando ya alama ya =, maana amri itaharibika: ukianza na TZ = hivi, bash itadhani TZ ni programu.

Na msijaribu Africa/Mbeya kwa uzalendo. Haipo, na kwenye Linux amri ya date hailalamiki: inakupa UTC ileile, imebandikwa neno “Africa”. Mimi ilinipotezea nusu siku.