Jinsi ya kupiga pasi ndefu kwenye futiboli ya vyuo Marekani (mkono wa kwotabeki sio ishu kama unavyodhani)

Ukiangalia futiboli ya vyuo vya Marekani (sio soka, ile ya kubeba mpira mkononi) kwa mara ya kwanza unaona pasi ndefu ni kama kubahatisha tu, jamaa (kwotabeki, mrusha pasi wa timu) anarudi nyuma, anaufyatua mpira yadi 45 huko, mwenye bahati adake. Mi nilikua hivyo hivyo mpaka nikapata kibarua cha kurekodi mazoezi ya timu ya chuo kimoja kidogo kule, unapandishwa kwenye mnara wa chuma nyuma ya goli na kamera, baridi inakata masikio, vidole huvisikii, ila kutoka kule juu unaona kitu ambacho kwenye TV hukioni maana TV inafuata mpira. Unawaona masefti. Wale mabeki wa mwisho kabisa, wanaokaa nyuma kuziba mianya. Siku ya tatu nne hivi nikaanza kujua kabla mpira haujarushwa kama itakua tachidauni (mpira kufikishwa mwisho wa uwanja, ndo goli lao) au la, na nilikua simwangalii kwotabeki kabisa, naangalia miguu ya sefti.

Kwaiyo iwe unafundisha, unacheza, au we ni wa gemu tu sebuleni, anzia hapo. Pasi ndefu inapigwa dhidi ya sefti. Risiva, yani mdakaji, anamalizia tu.

Kabla ya snepu, yani mpira kuanzishwa, hesabu masefti wako wangapi nyuma. Kama ni mmoja katikati, yadi 12 mpaka 15 kutoka kwenye mstari mpira unapoanzia, mara nyingi uwanja wa nyuma unalindwa na watu watatu, yeye na konabeki (beki wa pembeni) wa kila upande. Hapo unatuma maRisiva wanne wakimbie moja kwa moja, wawili pembeni na wawili ndani, hesabu ya darasa la kwanza, wanne kwa watatu. Yule sefti wa katikati ana wakimbiaji wawili wanampita kushoto na kulia na yeye ni mmoja, kwotabeki anamkazia macho wa kulia, sefti akisogea hata hatua mbili kulia, mpira unaenda kushoto. Hii ya wanne kukimbia wima ni mchezo wa siku nyingi, makocha Hal Mumme na Mike Leach waliufanya chakula cha kila siku kwenye mfumo wao wa pasi nyingi, Air Raid.

Wakiwa wawili nyuma mambo yanabadilika kidogo. Kila sefti ana nusu ya uwanja, na pengo linakua pembeni, nyuma ya konabeki na mbele ya sefti, au hata juu ya sefti mwenyewe kama atachelewa kufika. Mfano ambao kila mtu anaukumbuka ni fainali ya vyuo ya Januari 2018 Atlanta, Alabama na Georgia. Muda wa nyongeza, Georgia wanaongoza 23-20, Tua Tagovailoa, kwotabeki wa Alabama, dogo wa mwaka wa kwanza aliyeingizwa baada ya mapumziko, anaangushwa na kupoteza yadi 16. Sasa ni dauni ya pili (jaribio la pili kati ya manne) na bado yadi 26 ili wapate majaribio mapya, yani hali mbaya kuliko mbaya. Rudia ile video ila usiangalie mpira, angalia kichwa cha Tua. Anatazama katikati kwanza, sefti wa upande wa kushoto anaganda palepale, ndo Tua anageuka na kumtupia DeVonta Smith aliyekua anapita kushoto pembeni, yadi 41, mechi imeisha 26-23. Sefti alikimbia sana kufika, kachelewa kwa sababu ya macho ya Tua tu.

Halafu kuna kitu cha vyuo ambacho wanaotoka kuangalia NFL, ligi ya kulipwa, wanakisahau. Ile mistari midogo ya katikati ambapo mpira unawekwa, inaitwa hashi, kwenye vyuo imeachana futi 40, NFL ni futi 18 na nusu. Uwanja una upana wa futi 160. Maana yake mpira ukiwa kwenye hashi ya kushoto, upande wa kulia umebaki na futi 100, kama yadi 33 hivi, uwanja mzima wa kukimbilia. Tennessee ya kocha Josh Heupel ilivyokua 2022, maRisiva wanapangwa nje kabisa karibu watoke uwanjani, unaweza dhani wanaenda kununua maji, na mabeki inabidi wawafuate huko huko, katikati kunabaki kweupe. Alabama walikutana nayo Oktoba 2022, Jalin Hyatt, risiva wa Tennessee, akafunga tachidauni 5 peke yake, Tennessee wakashinda 52-49.

Ila usije ukarusha ndefu tu kila saa. Lazima kwanza umpe sefti sababu ya kuja mbele. Kimbiza mpira chini, yadi 4, yadi 5, tena, tena, mpaka uone ameanza kusogea kila mkimbiaji anapopewa mpira. Hapo sasa unaleta plei akshen, yani kwotabeki anajifanya anampa mkimbiaji halafu anauficha kiunoni, sefti akipiga hatua mbili mbele kuzirudisha haiwezekani tena, risiva alishampita. Laini ya mbele, wale wa kumkinga kwotabeki, nayo izuie kama vile ni mbio kweli, ila wasipite yadi 3 mbele ya mstari kabla mpira haujarushwa, hiyo ndo sheria ya vyuo, wakipita ni kibendera na tachidauni yako inafutwa.

Kwenye kurusha sasa. Usisubiri risiva awe huru ndo urushe, ukisubiri umechelewa. Akishalingana bega kwa bega na beki na beki bado anamtazama, rusha, maana beki bado hajageuka na mwenzie yuko kwenye spidi. Rusha juu, mpira ushuke kama unamwagika begani kwake, usiurushe bapa kama unampiga mtu jiwe. Risiva naye abaki kama yadi 5 kutoka mstari wa pembeni, hiyo nafasi ndo mpira unatua, akijibana kwenye chaki hakuna pa kuudondoshea. Na mikono! Niliona dogo mmoja kila siku anamshinda beki wake kwa spidi na kila siku mpira unapigwa kofi, mpaka kocha akaja mnarani kuangalia video na sisi, akasimamisha picha: dogo anainua mikono mapema mno, beki haoni mpira ila anaona mikono, anajua saa ngapi aruke. Mikono ibaki chini mpaka sekunde ya mwisho kabisa. Kwenye vyuo mguu mmoja ndani unatosha, kwaiyo ukingoni usiogope.

Wa kuzuia usiwapunguze. Pasi ndefu inataka kama sekunde 3, na kama wapinzani wanaleta watu sita basi baki na saba nyuma wa kuzuia, tuma maRisiva wawili au watatu tu, bora wachache wenye muda.

Saa ya kuita ni dauni ya pili ikiwa imebaki yadi 1 au 2, ukikosa bado una ya tatu. Au mara tu baada ya kumpokonya mpinzani mpira. Karibu na goli achana nayo, hakuna nafasi ya kukimbia. Na usitegemee beki akimvuta mtu utapewa mpira pale pale kama NFL, vyuo faini ni yadi 15 tu hata kama mlikua yadi 40 huko, kuna mabeki wakiona wamepigwa chenga wanavuta jezi makusudi maana kwao ni bei nafuu.

Na kama mkono wa kwotabeki wako sio wa kutisha tulia. Joe Burrow, kwotabeki wa chuo cha LSU, 2019 hakuna aliyemsifia kwa nguvu ya mkono, akapiga pasi 60 za tachidauni na risiva wake Ja'Marr Chase akadaka 20 kati ya hizo. Mpeleke kwotabeki wako kwenye video za mnarani kwanza, mfiche mpira kwa kiganja, muulize sefti anaelekea wapi.